Mwalimu Julius Kambarage Nyerere: Kutoka Kura Tatu Hadi Vyama Vingi

Vitabu vya kumbukumbu kama hiki huwa na desturi ya kusimulia maisha ya mtu mkuu mmoja, na mara nyingi mtu huyo huwa mtakatifu wa dini yetu au Mahatma Gandhi. Safari hii nimeona nafasi hiyo apewe Mwalimu Nyerere. Hakuwa Mhindu, alikuwa Mkatoliki aliyependa kuhudhuria misa ya asubuhi mpaka uzeeni. Lakini kama leo tunaadhimisha miaka ya hekalu hapa Ilembo kwa amani, majirani wa kila dini wakija Diwali kula ladu na jalebi, na sisi tukienda kwao Idi na Krismasi, hali hiyo haikuota yenyewe kama majani ya masika. Iliamuliwa na watu, katika mikutano, kwa hoja na kwa kura. Vijana wetu wanazifahamu tarehe 9 Desemba na 14 Oktoba kwa kuwa ni sikukuu. Yaliyo kati ya tarehe hizo wengi hawayajui.

Alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo sana. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Mtoto aliitwa Kambarage. Alichunga mbuzi hadi alipokaribia miaka kumi na miwili, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na hapo ndipo maisha yake yalipogusana na upande wetu, kwa kuwa Mpanda ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi na Tabora ndiyo ilikuwa makao yake makuu. Alibatizwa mwaka 1943 na kuchukua jina la Julius, akasoma Makerere, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Kutoka mwaka 1949 hadi 1952 alikuwa Edinburgh, Uskoti, akisomea shahada. Aliporudi alimwoa Maria Gabriel na kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Jina la Mwalimu lilitoka darasani. Halikuwa cheo cha kisiasa, na labda ndiyo maana lilidumu kuliko vyeo vyake vyote.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha zamani cha Waafrika, TAA, kiligeuzwa kuwa TANU, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata alikwenda New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini iliyokabidhiwa Uingereza. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya kufundisha na siasa. Akaacha kazi yenye mshahara bila kuwa na nyingine. Mtu wa biashara anayesoma habari hii hana budi kusimama kidogo hapo: kijana mwenye mke na watoto wachanga, mwenye elimu ambayo Waafrika wachache sana wa nchi hii walikuwa nayo, anaacha kipato cha uhakika kwa ajili ya chama kilichokuwa na umri wa miezi tu.

Nchi aliyotaka kuibadilisha iligawanywa kwa rangi katika mafungu matatu, kama bidhaa zinavyopangwa rafuni. Shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Hospitali vivyo hivyo, mishahara vivyo hivyo. Sisi wa asili ya Bara Hindi tuliwekwa katikati, na lazima tuseme kweli kwamba wapo miongoni mwa wazee wetu waliopaona hapo katikati kuwa pazuri. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma yake, na siasa ilikuwa jambo la watu wengine.

Gavana Edward Twining alidai kwamba mafungu hayo yangeweza kuishi pamoja kwa haki kama kila moja lingepewa viti sawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: Waafrika walizidi milioni nane, Wahindi na Waasia wengine hawakufika laki moja, Wazungu walikuwa kama elfu ishirini, na kila kundi lipate idadi ile ile ya viti. Mwaka 1956 kiliundwa chama cha UTP, kwa baraka za Gavana, kuitetea fikra hiyo. TANU ilijibu kwa mikutano. Nguvu ya TANU haikuwa fedha, maana haikuwa nazo. Ilikuwa watu: wachuuzi wa sokoni, madereva wa lori, wakulima wa pamba wa vyama vya ushirika, wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam waliomfungulia mlango kijana Mkatoliki kutoka bara, na wanawake wa vikundi vya ngoma ambao Bibi Titi Mohamed aliwaingiza chamani kwa maelfu. Serikali ilifunga baadhi ya matawi, na mwaka 1957 Mwalimu mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia hadharani. Hakukuwa na jiwe lililorushwa kwa amri ya TANU. Silaha yake ilikuwa kadi ya uanachama na subira.

Ndipo ulipokuja mtihani mkubwa. Serikali ilitangaza uchaguzi wa kwanza, lakini kwa masharti yaliyojaa ukakasi. Mpiga kura awe na umri usiopungua miaka 21, na awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu au kazi iliyotambuliwa. Waafrika wengi mno walikwama papo hapo. Kisha, kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Asiyepiga zote tatu, karatasi yake iliharibika. Watu wakaiita kura tatu, na jina hilo lilitamkwa kwa kuchukia.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Hoja yao ilikuwa nzito: kushiriki ni kukubali kwamba mtu mmoja mweupe ni sawa na mamia ya weusi. Mwezi Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora. Mwalimu alifika akijua kwamba wengi ukumbini hawako upande wake. Alitumia mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya tope: akiogopa kuchafuka, mazao yataliwa na wengine, akipita, atachafuka, lakini atavuna, na kanzu hufuliwa. Aliwaonyesha pia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoonyesha akili yake ya hesabu. Kama TANU ikisusia, viti vyote vitachukuliwa na UTP bila jasho, na Uingereza itauambia ulimwengu kwamba wananchi wamesema. Kama TANU ikishiriki, sharti lile lile la kura tatu lililokusudiwa kuwafunga Waafrika litawapa uwezo wa kuchagua ni Mhindi yupi na Mzungu yupi ataingia barazani.

Wajumbe wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress, kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Sina haja ya kumsema vibaya. Alikuwa mzalendo, na hasira yake ilikuwa na chanzo. Ila fikiria, ewe msomaji mwenye duka katika mtaa wowote wa Mpanda, kama hoja yake ndiyo ingeshinda siku zile Tabora.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngeni kwa kila mtu. TANU, chama ambacho Mhindi hakuruhusiwa hata kuwa mwanachama wake, kilianza kutafuta Wahindi na Wazungu wa kuunga mkono. Wakajitokeza. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, mtoto wa familia ya Kigujarati ya Kiismailia, msomi wa Chuo Kikuu cha Calcutta. Sophia Mustafa wa Arusha, mwanamke ambaye hakuwa na uzoefu wa majukwaani. Derek Bryceson, mkulima Mzungu. Hawa walikwenda vijijini kuomba kura kwa wakulima Waafrika, na wagombea Waafrika wakaingia madukani kuomba kura kwa Wahindi. Kila mmoja alihitaji watu wa rangi isiyo yake. Sheria iliyotungwa kuwatenganisha iliwakalisha meza moja.

Katikati ya kampeni hiyo, Mwalimu alishtakiwa kwa makala aliyoandika katika gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, iliyowalaumu wakuu wa wilaya wawili. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri wa Uingereza, pamoja na mawakili wawili wa hapa hapa Dar es Salaam, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Majina hayo mawili jamii yetu iyatunze, Mhindu mmoja na Mwislamu mmoja, wote wa asili ya Bara Hindi, wakisimama kizimbani upande wa mtu ambaye serikali ilimwona mchochezi. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela ili awe shujaa. Akalipa faini na kurudi kwenye kampeni, maana uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki chache. Huo ni uamuzi wa mtu anayetaka matokeo kuliko sifa.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. UTP haikuambulia kiti, na punde ikafa kifo chake chenyewe. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa na macho ya kuona. Alikubali kwamba nchi itatawaliwa na walio wengi. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwezi Mei 1961 Mwalimu akawa Waziri Mkuu wa serikali ya ndani, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba bendera ya Uingereza ikashushwa. Zilikuwa zimepita takribani miaka saba na nusu tangu TANU izaliwe, na damu haikumwagwa kuupata uhuru huo.

Lakini kwetu sisi siku kubwa zaidi ilikuja kabla ya hapo, Oktoba 1961, na haina sherehe. Bunge lilijadili sheria ya uraia. Serikali ilipendekeza kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja pia kuzaliwa humu, awe raia moja kwa moja. Na wengine waliokuwa wakiishi hapa wapewe miaka miwili ya kujiandikisha. Rangi haikutajwa. Baadhi ya wabunge wa TANU wenyewe walisimama kupinga, wakitaka uraia uwe wa Mwafrika tu. Mwalimu alikasirika kuliko alivyozoeleka. Aliwaambia kwamba wanaoabudu rangi hawana tofauti na watawala waliokuwa wakiondolewa, na kwamba kama hoja hiyo itashindwa, serikali yake yote itajiuzulu. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu uhuru ufike, na waziri mkuu aliweka kiti chake rehani kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kumpigia makofi. Sheria ikapita.

Wazee wetu wakapewa hadi mwisho wa 1963. Wengine walijiandikisha siku za mwanzo. Wengine walisubiri, wakauliza huku na kule, wakaweka pasi ya Uingereza sandukuni kama mtu anavyoweka mwavuli. Mwaka huo huo wa 1963 TANU nayo ilifungua milango yake kwa raia wa rangi zote, na Jamal alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia.

Jambo moja la kushangaza: mwezi Januari 1962, wiki sita baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga upya chama ambacho kilikuwa kimezoea kudai na sasa kilipaswa kujifunza kutenda. Mwishoni mwa mwaka alirudi kugombea urais wa Jamhuri. Mpinzani wake alikuwa Mtemvu yule yule, ambaye hakufikisha asilimia mbili ya kura.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita haraka. Muungano na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama za jembe na nyumba. Wananchi waliwaangusha hata mawaziri, na wakati huo huo watu wa Morogoro walimchagua Jamal dhidi ya Mwafrika mwenzao, jambo ambalo miaka mitano tu nyuma nisingelisadiki. Azimio la Arusha mwaka 1967. Kati ya kazi hizo zote alipata muda wa kutafsiri tamthilia za Shakespeare, moja akaiita Mabepari wa Venisi. Sisi wenye maduka tumekuwa tukicheka kwa uchungu kwamba mfanyabiashara wa Venisi alivuka bahari na kufika Dar es Salaam akiwa bepari.

Kitabu cha heshima si kitabu cha kuficha. Aprili 1971 serikali yake ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majengo hayo wengi walikuwa wa asili ya Kihindi, na wengi wao wakafunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Mwaka 1976 yalikuja maduka ya vijiji na operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi. Wakulima nao walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mara nyingi kwa nguvu. Sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilitumika dhidi ya waliompinga, na mtu aliyewahi kupigwa marufuku kuhutubia angetazamiwa kuwa na huruma zaidi. Mimi naona alikosea hapo. Lakini naona pia kwamba Agosti 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, alikuwa Mwalimu aliyesema waziwazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi, wakati viongozi wengi wa Afrika walinyamaza. Alitutwalia majengo, hakuturuhusu tutwaliwe uraia. Ambao hawaoni tofauti ya mambo hayo mawili wangewauliza wenzetu wa Kampala.

Kwa wasomaji wa hekalu niongeze kwamba yeye na Gandhi hawakuwa sawa katika ahimsa. Mwalimu alipendelea njia ya amani pale ilipokuwepo njia, ila aliwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini, na mwaka 1978 Amin alipovamia Kagera alipeleka jeshi mpaka Kampala.

Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, jambo lililokuwa adimu barani. Alibaki mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Na ni hapo, akiwa mzee wa karibu miaka sabini, alipofanya la pili kati ya mambo mawili ninayoyaona makubwa kuliko yote. Mwanzoni mwa 1990 alisema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si dhambi tena. Yeye, aliyejenga chama kimoja! Alisema chama kisicho na mpinzani huzembea na kusahau watu. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilizunguka mikoa yote, Bara na Visiwani, ikawasikiliza zaidi ya watu 36,000. Zaidi ya robo tatu walisema chama kimoja kiendelee. Takribani mmoja kati ya watano alitaka vyama vingi.

Kwa hesabu ya kawaida jambo lingeishia hapo. Tume ilishauri kinyume, na ikaorodhesha sheria kama arobaini za kuonea watu ambazo zilipaswa kufutwa au kurekebishwa, ile ya kizuizini ikiwa mojawapo. Mwalimu aliwashawishi wana-CCM wakubali. Hoja yake ilikuwa kwamba wachache wale ni wengi vya kutosha kutosikilizwa kwa hasara ya nchi, na ni afadhali mageuzi yaongozwe na walio madarakani kwa utulivu kuliko kusubiri yaletwe na ghasia. Mkutano mkuu wa CCM ulikubali Februari 1992, Bunge likabadilisha katiba, na mwezi Julai vyama vipya vikaanza kusajiliwa. Ni nadra sana chama tawala, chenye ushahidi mkononi kwamba wengi wanakitaka peke yake, kufungua mlango. Tabora mwaka 1958 aliwashawishi walio wengi wavumilie tope. Mwaka 1992 aliwashawishi walio wengi wawavumilie wachache. Zimepita chaguzi nyingi tangu hapo, nyingine za utulivu na nyingine za malalamiko makubwa, na hayo si ya ukurasa huu.

Mwaka 1995 Serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, mtu wa kwanza kabisa kupewa alikuwa Nyerere. Wagujarati wa Afrika Mashariki wangepaswa kuujua ukweli huo kama wanavyoujua wimbo wa taifa, na bado nimekutana na wengi wasiousikia.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa karibu nasi kuliko zote. Kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi, akiwakalisha Arusha watu wa vyama ambavyo havikutaka hata kutazamana. Sisi wa Mpanda tulijua vita ile ilikuwa nini bila kusoma gazeti. Wakimbizi wa mwaka 1972 walikuwa wamepewa ardhi Katumba na Mishamo, nao walikuwa wateja wetu, wakulima wa tumbaku na mahindi, mafundi wa baiskeli. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu, mazungumzo yakiwa hayajakamilika. Alizikwa Butiama. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000.

Wengine walirudi Burundi. Waliobaki waliomba uraia, na serikali ikawapa zaidi ya watu 160,000, kundi kubwa kuliko yote kupokelewa namna hiyo kwa mara moja katika bara letu. Vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata walipanga foleni ya kupiga kura kwa mara ya kwanza, katika mkoa huu huu wa Katavi, pamoja na Wabende, Wafipa, Wasukuma na sisi.